Kisahani Namba Kumi na Saba

Bibi yangu Effie alitaka jambo moja tu kabla reli ya chini ya ardhi ya mji wa Glasgow, Uskoti, haijafungwa kwa matengenezo mwaka 1977: aizunguke mara ya mwisho, akiwa na mumewe, Lachlan. Lachlan alikataa wiki nzima. Aliacha kazi ya ufundi kule mwaka 1934 na hakuwahi kushuka tena, akidai mapafu yake hayaiwezi ile harufu.

"Mzee mzima unaogopa shimo," bibi alimtania mezani. "Vaa koti, twende."

Tulikwenda watatu, saa nane mchana, tumeshiba pai ya nyama. Nilikuwa na miaka ishirini na nilimpenda babu huyu kuliko mtu yeyote, ingawa damu yetu si moja. Ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, kwa kidole gumba chake kilichokatika ncha. Mume wa kwanza wa bibi, Dougal Rennie, alimkimbia akiwa na mimba ya mama yangu. Lachlan, rafiki wa Dougal na fundi mwenzake kule relini, ndiye aliyeleta habari kwamba amemwona akipanda meli ya Kanada. Bibi alichoma picha zote. Alimlaani Dougal miaka arobaini na mitatu, na sisi tulijifunza kumlaani tukiwa bado wadogo.

Enzi zao treni zilivutwa na waya mnene uliopakwa lami, uliozunguka chini ya mji bila mwanzo wala mwisho. Jumapili ulisimamishwa, mafundi wakaingia kuukagua. Kila aliyeingia alitundika kisahani chake cha shaba, chenye namba, kwenye ubao wa stesheni ya Govan, na akitoka alikichukua. Waya haukuwashwa kama kisahani hata kimoja kilikuwa bado msumarini. Mwaka 1935 ulikuja umeme, waya ukaondolewa, lakini ubao na desturi yake vikabaki.

Tulipandia Govan, tukazunguka mji mzima. Babu alikaa na kofia magotini. Kwenye stesheni ya Merkland Street abiria wenzetu walishuka. Ilibaki kupita chini ya mto tu, turudi Govan tulikoanzia.

Chini ya mto, treni ilisimama.

Taa zikafifia. Ikanuka lami mbichi.

Mlango ukafunguka wenyewe.

"Lachie," sauti ya mwanamume ilimnong'oneza babu gizani. "Nani alitoa kisahani changu?"

Bibi alinikamata mkono. Sauti ile aliijua; ilikuwa ya Dougal.

"Effie," babu alinong'ona, "nilikupenda kabla yake. Nilikitoa. Wakawasha waya, ukamburuza akafa. Nilimfukia hapahapa, mimi mwenyewe."

"Na Kanada?" bibi aliuliza.

Babu alitikisa kichwa.

"Njoo, Lachie. Zamu yako."

Akainuka. Alinitazama mimi, si bibi. Nilijua anataka nimshike. Mkono wangu mmoja ulikuwa huru.

Sikuunyoosha.

Taa zikarudi. Kiti kilikuwa kitupu.

Govan tulimkuta msimamizi wa stesheni amesimama mbele ya ubao, anakuna kichwa. Mafundi wake wote walikuwa nje, wanakunywa chai, lakini kisahani kimoja kilining'inia msumarini. Namba kumi na saba. Ilikuwa namba ya babu alipokuwa fundi.

"Siwezi kuruhusu treni," alisema. "Mama, mmeona mtu huko ndani?"

Bibi alikitazama kile kisahani kwa muda mrefu. Kisha akakitoa msumarini, akakitia mkobani, akafunga zipu.

"Hakuna mtu," alisema. "Ruhusu treni, mwanangu."

Msimamizi alinigeukia mimi. Nikasema hakuna mtu.

Treni ikaondoka.

Bibi alifariki miaka sita baadaye. Kisahani ninacho mimi, kwenye droo ya jikoni. Nimekisugua kwa mafuta ya taa mara nyingi, nikakianika juani, lakini lami yake haikauki. Na kila Jumapili nikifungua droo nakuta juu yake alama mpya ya kidole gumba, kisicho na ncha.