Video ya Luhende

Jioni ile nilikuwa natafuta fundi, si mganga. Naliweka hilo wazi mapema kwa sababu kwetu watu hawaoni tofauti.

Jua lilikuwa linazama, na harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni imejaa Kirumba nzima. Nilibeba laptopu ya marehemu mdogo wangu, Luhende, nimeifunika kwa kitenge kama kichanga. Bashiru fundi alikuwa karibu kufunga kibanda. Akafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi, akanusa, akarudi nyuma.

"Dada Sabina, hii mlikuwa mnaandikia au mnachomea mishikaki?"

"Ilitundikwa juu ya mafiga kwa mama, Sengerema. Mganga aliagiza. Nimeiiba."

Akanitazama. Ikabidi nieleze.

Luhende alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Vipimo vilisema, madaktari walisema, nami nilikuwepo. Mama akakataa. Eti Shangazi Tereza, dada yake baba, amemchukua msukule. Kaburini tumezika mgomba. Kijana yu hai, usiku analimishwa mashamba ya shangazi, ulimi wamemkata asiseme. Mganga akataka kitu alichokishika sana marehemu kipakwe mafuta ya nyonyo, kifungwe kitambaa cheusi cha kaniki, kining'inie moshini mpaka arudi. Kitu chenyewe kikawa laptopu. Na huyo ni mama anayeongoza sala za jumuiya.

Kesho yake kilikuwa kikao cha ukoo. Kwetu bibi mwenye macho mekundu kama ya shangazi akishatajwa uchawi kikaoni, hana haja ya kutunza mbegu za mwakani.

Nilikuwa na silaha moja tu. Akiwa wodini, Luhende alijirekodi kwa kompyuta hii, mimi nimekaa pembeni. "Ni moyo. Daktari kaniambia. Shangazi Tereza msimguse." Alitujua.

"Nataka hiyo video tu," nikamwambia Bashiru.

Alikwangua masizi kwenye feni. Akachomoa ramu, kile kijikadi cha kumbukumbu, akaifuta, akairudisha. Spika za ndani zilikuwa zimelowa mafuta. Akazing'oa, akaziweka mezani. Mashine ikawaka, ikazima. Ikawaka tena, kioo cha bluu kitupu.

"Faili za mfumo zimeoza," akasema, akachomeka flashi yake na kuanza kuzirekebisha.

Ilipokubali, tarehe ilionyesha mwaka ambao Luhende alikuwa bado anatambaa.

"Betri ya saa imekufa," akawahi kabla sijauliza. "Usianze na wewe."

Tukacheka. Ndiyo, tulicheka.

Video ikapatikana. Akaunganisha spika yake ndogo ya pembeni.

Luhende huyo. Shuka la wodi. Mashavu yaliyobonyea. Kijiko kikagonga kikombe. Kitanda cha jirani kikalia. Nikajisikia mwenyewe nikikohoa.

Midomo ya Luhende ikacheza.

Kimya.

"Rudisha."

Akarudisha. Kijiko. Kitanda. Kikohozi changu. Midomo...

Kimya.

"Sauti ikiharibika huharibika yote, dada," Bashiru alinong'ona. "Haichagui mtu."

Niliiona kesho yote palepale. Mama anainuka mbele ya ukoo: mnaona? Ulimi hana! Nilikuja kutafuta maji ya kuzimia moto, nimepata petroli. Na mama angeifuata kompyuta hii popote.

"Piga windo mpya. Futa kila kitu."

"Hutabaki na chochote cha mdogo wako."

"Futa."

Akachomoa spika yake, akaitia mkobani. Kwenye kioo mstari wa kufutia ukaanza kutambaa. Harufu ya moshi wa kuni ikazidi, na chini yake harufu nyingine... udongo. Udongo wa shamba lililogeuzwa sasa hivi. Feni ikasimama.

Ndipo ikaja sauti. Nzito, ya mtu anayejifunza upya kusema.

"Dada... mwambie shangazi... anifungue."

Spika za ndani zilikuwa mezani mbele yangu, nyaya zikining'inia.

Jasho lilimtoka Bashiru. "Nisimamishe?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Acha imalize."

Ikamaliza.

Alfajiri nilivuka kwa kivuko cha kwanza, nikamtoa shangazi kwake kabla wazee hawajakusanyika. Mama alinitemea mate miguuni. Sasa shangazi anaishi nami Kiseke. Yu hai, na anashukuru mpaka inaudhi.

Nina shahada ya biolojia. Najua moyo uliotanuka unavyoua. Najua pia masikio ya mfiwa yanavyojitungia maneno, ingawa Bashiru hakufiwa na mtu, naye hapokei tena simu zangu.

Shangazi huamka kabla yangu, ananipikia uji. "Kunywa mwanangu, umekonda." Nasema asante. Nasubiri atoke, namwaga kwenye sinki.

Leo aligeuka mlangoni, akaniona nikimwaga. Hakukasirika. Machozi yalimlengalenga kwenye yale macho mekundu, ambayo ni moshi wa kuni wa miaka mingi tu. Huwa nawaambia watu hivyo.

"Na wewe pia, Sabina?"

Nilipaswa kumkumbatia. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika mlango, na chini ya kucha mlikuwa na udongo mweusi, mbichi.

Kwangu hakuna shamba. Ni mawe matupu.

Nilifungua bomba, nikaendelea kuosha kikombe.