Viganja vya Saa Nane Mchana

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAUTI YA KUSUGUA VIGANJA KWA MUDA MREFU, SAA ZA MCHANA, MLANGO NAMBA 7, GHOROFA YA TATU.

Ndivyo ilivyoanza barua ya Bwana Rogath, katibu wa kamati ya wapangaji wa jengo moja pale Mchafukoge, mzee aliyestaafu utumishi wa umma ingawa utumishi wa umma uligoma kustaafu ndani yake. Barua ilikuwa na kumbukumbu namba, mhuri, na nakala kwa mwenyekiti, kwa mlinzi wa getini na kwa faili. Ilimtaka mhusika aeleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, ni nani anayesugua viganja nyumbani kwake kuanzia saa nane hadi saa kumi, anasugua kwa madhumuni gani, na kama ana mpango wa kupunguza.

Mhusika aliitwa Saif. Aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni, na alipofika kwenye saa, akairudia mara ya pili. Saa nane hadi saa kumi, yeye huwa amelala.

Saif alikuwa na miaka thelathini ya kuuza vitambaa Kariakoo. Mkewe, Dalia, alifariki hospitalini mchana wa Jumamosi moja ya mwaka uliopita, duka likiwa limefurika watu. Kabla ya hapo alimpigia Saif simu mara tatu. Saif alikuwa anampimia mteja pazia, mita kumi na mbili, akajisemea nitampigia nikimaliza. Alipomaliza hakukuwa na wa kumpigia. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: kujua Dalia alitaka kumwambia nini.

Ndoto ilikuja yenyewe. Kila mchana alipofunga duka baada ya sala na kwenda nyumbani kujilaza, alimkuta Dalia jikoni, ameketi kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye sinia. Saif husema moyoni, huyu si amekufa? Basi naota. Hapohapo huzinduka, mate shavuni, feni inazunguka juu yake kama kawaida.

Akamsimulia Caroline, mwanamke wa Kilimanjaro mwenye duka la mabegi linalotazamana na lake.

"Baba Rahaf, hiyo mbona inajulikana," alisema Caroline, huku akilishindilia begi magazeti ili lionekane lina kitambi. "Mdogo wangu anayafuatilia hayo mambo kwenye simu. Ukishajua unaota, usipaniki. Sugua viganja hivi, fyu, fyu, fyu. Ule mwili wa ndotoni unapata kazi, unasahau kuamka. Halafu unagusa vitu, unavitaja. Meza. Ukuta. Sufuria. Hapo unakaa mpaka uchoke."

"Nitaonekana chizi."

"Na nani? Si uko peke yako huko?"

Ikafanya kazi. Siku ya kwanza alipata muda wa funda moja la kahawa. Siku ya nne alikaa muda wa kikombe kizima. Dalia hakusema neno, alimtazama tu na kuendelea na mchele wake, lakini kila siku alionekana kukaribia kusema, na Saif alizidi kusugua.

Wiki ya pili, akiwa ameshika ukingo wa sinia, mlango wa ndotoni ukagongwa.

"Hodi."

Sauti ilikuwa laini, ya mtu mwenye adabu zake. Dalia akaacha kuchambua. Akamtazama mumewe na kutikisa kichwa, polepole, hapana. Lakini Saif ni mtu wa Kariakoo. Kwa miaka thelathini kila kivuli kilichokatiza mbele ya duka lake kilipewa maneno yaleyale kabla yeye hajainua hata macho, na sasa mdomo ukayatoa bila kumuuliza mwenyewe:

"Karibu, karibu ndani, kuangalia bure."

Alizinduka. Chumba kilinuka kama kitambaa kilichokunjwa kibichi kikafungiwa kabatini.

Hayo yalitokea siku kumi kabla ya barua. Sasa, akiwa nayo mkononi, Saif alikwenda sebuleni kwa binti yake, Rahaf, mwenye miaka kumi na tisa, ambaye chuo chake kilikuwa kimefungwa na mchana kutwa alishinda nyumbani.

"Rahaf, mchana nikilala, huwa nasugua mikono?"

Rahaf aliweka kikombe chini. "Baba, nilidhani unajua."

"Najua nini?"

"Unalala mlango wazi. Nakuona kitandani, hutikisiki hata kidole. Sauti inatoka jikoni." Akashusha sauti, akatazama korido. "Juzi nikachungulia. Ulikuwa umesimama jikoni, umenipa mgongo, unasugua viganja. Nikarudi chumbani kwako. Ulikuwa umelala."

"Mwanangu, hizo ni..."

"Ngoja nimalize, maana nikikatiza sitaweza tena. Jana kile kitu kikaanza kugusa vitu na kuvitaja, kwa sauti yako, Baba, ila polepole kama mtoto anayesomeshwa, kikombe, ukuta, jiko, pazia, kikatoka jikoni kikaja na korido hii kikipapasa ukuta, na ile harufu ya nguo mbichi ikitangulia mbele yake, na mimi nimejibanza hapa nyuma ya kochi nimeuma kanga, mpaka kikanifikia, kikaniwekea mkono begani, mkono wa baridi kama nyama ya friji, kikasema, Rahaf."

Saif alikuwa ameelewa, na afadhali asingeelewa. Yule mgeni aliyemkaribisha kule ndotoni, kwake yeye dunia hii ndiyo ndoto. Naye ni mwanafunzi. Anajifunza kukaa zaidi. Kila dakika ambayo Saif alijiongezea kule, yule aliipata huku, karibu na mwanawe.

Kesho yake akamwita shangazi yake, Bi Thuraya wa mtaa wa Gerezani, mwanamke mfupi anayejulikana kwa kuyasomea dua majumba yaliyoharibika. Alifika saa saba na nusu na chetezo chake. Nyuma yake akaingia Bwana Rogath, kalamu mkononi na fomu kwenye ubao.

"Shikamoo mama. Samahani, nasikia humu mna mgeni. Kanuni ya kumi na nne, mgeni anayekaa zaidi ya siku tatu huandikishwa. Jina kamili la mgeni?"

"Marahaba. Hana."

"Kabila?"

"Jini."

Bwana Rogath akaandika, akasita, akaendelea. "Anatarajia kuondoka lini?"

"Ndilo tunalolihangaikia, baba. Hebu nishikie hiki chetezo."

Akakishika. Alikuwa mtu wa kutii maelekezo.

Bi Thuraya alisoma, akazunguka kila chumba, ubani ukajaa mpaka macho yakawasha. Kisha akaketi pembeni ya kitanda cha Saif na kusema kwa sauti ya chini:

"Mimi nimemsogeza tu. Siwezi kumtoa mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba. Utalala. Mwite, muage kwa mdomo uleule, apite kwenye mlango uleule. Akishafika mlangoni, wewe amka. Usiguse kitu, usisugue. Mwili ukikosa mwenyewe, huyu mgeni hatakaa nje yake akiuangalia tu, atauingia, umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

"Na mkeo atakuwepo."

Saif alitazama feni.

"Baba," Rahaf alisema akiwa ameushika mguu wake kama anayezuia asichukuliwe na maji, "utarudi?"

"Kumuaga mtu ni dakika ngapi? Nitarudi chai haijapoa."

Akalala. Jikoni, Dalia alikuwa kwenye kigoda chake. Saif akaita, "Mgeni, muda wa duka umekwisha. Kwaheri." Akatokea mtu upande wa korido, amevaa shati lake, anatembea kama yeye, akapita bila ugomvi mpaka mlangoni, akaweka mkono kwenye kitasa. Hapo akasimama. Hakutoka. Alimtazama Saif kama mteja mzoefu anayejifanya anaondoka, huku akijua bei itashuka.

Saif akaanza kuamka. Alisikia feni, alihisi vidole vya Rahaf mguuni, ubani ukamfikia puani, na jikoni kukaanza kuchujuka kama kitambaa cha bei rahisi kilicholowekwa, ukuta ukapauka, jiko likapauka, sinia likapauka, na katikati ya kupauka huko Dalia akaliweka chini sinia lake, akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi akafungua mdomo, akasema, "Saif, siku ile nilikupigia kukwambia kwamba..."

Barua ya pili ya Bwana Rogath ilitoka baada ya wiki moja.

YAH: KUFUNGWA KWA SUALA LA SAUTI YA KUSUGUA VIGANJA, MLANGO NAMBA 7.

Ilisema kwamba sauti haijasikika tena na kwamba mgeni ambaye hakuandikishwa anahesabiwa kuwa ameondoka. Kwamba binti wa mhusika amehamia kwa ndugu huko Gerezani bila kutoa sababu, na kamati haina mamlaka ya kumdai sababu. Kwamba mhusika mwenyewe ana afya njema na amefungua duka, ingawa jirani yake wa mabegi analalamika kwamba siku hizi hamkaribishi mteja hata mmoja. Kwamba kila asubuhi husimama kwenye ngazi na kumgusa kila mpangaji begani, akimtaja kwa jina lake, jambo ambalo kamati inaliona kuwa la kiungwana. Suala limefungwa. Nakala: mwenyekiti, mlinzi, faili.

Kilichotokea ni kwamba Saif alisugua viganja, na aliyeamka kitandani ni yule mgeni.