Tone, Tone, Asumini

Juu ya kilima chenye mikarafuu ipo nyumba ndogo yenye mlango wa buluu. Humo anakaa Raya.

Raya ana miaka mitano, na ana nywele nyingi, nyingi, nyingi.

Uani kwao umeota mti wa asumini. Mchana ni kijani kitupu. Jioni unajaa vinyota vyeupe, na nyumba nzima inanukia.

Kila usiku Mama humkalisha Raya mkekani. Hufungua chupa ndogo. Ndani yake mna mafuta ya nazi yaliyolala na maua ya asumini.

Mama humpaka nywele, huku akiimba kwa sauti ndogo:

"Tone, tone, polepole.
Nywele zilale, Raya alale."

Na nywele hulala. Na Raya hulala.

Siku moja Mama alifunga mkoba wake.

"Mama mdogo Sabra amejifungua," alisema. "Ana mtoto mchanga, na hana wa kumpikia uji. Nakwenda kumsaidia."

"Utarudi lini?" aliuliza Raya.

Mama alionesha mbinguni. Mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha.

"Mwezi ukiwa duara, mimi nimerudi."

Akamwachia Raya ile chupa. Mafuta yalibaki kidogo tu, chini kabisa.

Usiku ule Baba ndiye aliyekaa mkekani. Baba ni mshona kofia. Vidole vyake vinajua sindano. Havijui chanuo.

"Aii! Baba, unavuta!"

"Samahani, mwanangu. Nywele zako zina njia nyingi. Nimepotea."

Raya akacheka. Baba akampaka mafuta, akaimba kwa sauti nene kama ya chura:

"Tone, tone, polepole.
Nywele zilale, Raya alale."

Chumba kizima kikanukia Mama. Raya akalala.

Usiku wa pili akalala. Na uliofuata akalala.

Lakini chupa si kisima. Jioni moja Baba aliigeuza juu chini. Akaipiga kitako.

Du! Du! Du!

Hakuna hata tone.

Raya alijilaza kitandani. Akanusa mto. Mto ulinukia mto tu.

Akageuka huku. Akageuka kule. Usingizi ulikuwa umesimama mlangoni, na haukutaka kuingia.

"Baba," alisema Raya gizani, "harufu ya Mama imekwisha."

Baba alikuja, akamshika mkono. Alikaa naye muda mrefu sana.

Asubuhi Raya alikwenda uani. Chini ya mti asumini zilikuwa zimeanguka, nyeupe, laini, zimetapakaa mchangani.

"Aa!" alisema Raya. "Nitatengeneza mwenyewe."

Akaziokota. Akazishindilia ndani ya chupa. Jikoni akaona kikopo cha mafuta. Akamimina.

Glu, glu, glu.

Akatikisa.

Chaka, chaka, chaka.

Jioni ilipofika, Raya alijipaka kichwa kizima. Mbele, nyuma, na hata masikio. Kisha akakaa akingoja kunukia.

Aliyekuja kwanza ni Kijivu, paka wa jirani.

"Nyau," alisema Kijivu.

Raya akaenda mlangoni. Kijivu akamfuata. "Nyau."

Raya akaenda chumbani. Kijivu akamfuata. "Nyau, nyau."

Raya akakaa chini. Kijivu akampanda begani, akaanza kumlamba kichwa.

"Baba! Paka ananila!"

Baba alikuja mbio. Akanusa. Akanusa tena.

"Raya, umejipaka mafuta gani?"

"Ya kwenye kikopo."

Baba akajishika kiuno. "Mwanangu! Yale nimekaangia dagaa!"

Sauti ikaja kutoka upande wa pili wa ua. Ilikuwa ya Shangazi Mize, dada yake Baba.

"Jamani, leo nani kakaanga dagaa kichwani?"

Shangazi Mize akaingia. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Baba akacheka. Hata Kijivu alionekana kucheka.

Raya hakucheka.

"Mimi nilitaka harufu ya Mama," alisema. "Nisipoisikia silali."

Shangazi Mize akaacha kucheka. Akakaa chini, palepale sakafuni, akamweka Raya mapajani pamoja na dagaa wake wote.

"Basi, kipenzi changu. Kesho uje kwangu. Tutapika mafuta, mimi na wewe."

Baba akamwosha Raya nywele kwa sabuni. Akamwosha tena. Kijivu alitazama povu likienda zake, kisha akaondoka amenuna.

Kesho yake Raya alibisha hodi jikoni kwa Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mama dagaa. Karibu."

Kwenye rafu kulikuwa na chupa tatu za kioo.

Chupa ya kwanza ilikuwa na mafuta na vitunguu saumu. "Haya ni ya kupikia," alisema Shangazi. "Tone moja kwenye mchuzi, na Baba yako anaomba sahani ya pili."

Chupa ya pili ilikuwa na mafuta na majani ya mrehani. "Haya ni ya ngozi. Hebu lete viwiko."

Viwiko vya Raya vilikuwa vikavu kama kifuu cha nazi. Shangazi akavipaka. Vikang'aa. Raya akavinusa, kimoja, halafu kingine.

Chupa ya tatu ilikuwa tupu.

"Hii ni ya nywele," alisema Shangazi. "Mama yako na mimi hujaza pamoja. Leo tutaijaza bila yeye."

Shangazi alikaa juu ya mbuzi, akakuna nazi.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Raya alisaidia kukamua tui.

Chwii, chwii, chwii.

Shangazi akaweka tui motoni. Raya alikaa mbali kidogo, juu ya kigoda, mikono magotini.

Pwata, pwata, pwata, lilisema tui.

"Tayari?" aliuliza Raya.

"Bado. Si unalisikia linavyosema? Likisema, maji yamo. Likinyamaza, tayari."

Wakangoja. Moshi ulipanda polepole, ukatoka dirishani.

Pwata, pwata.

"Tayari?"

"Linasema bado. Lina maneno mengi leo, kama Baba yako."

Pwata.

Pwa.

P.

Kimya.

Raya akatumbua macho. "Limenyamaza!"

Shangazi akaepua sufuria. Mafuta yalikuwa maangavu. Chini yalibaki makapi ya rangi ya kahawia, matamu, yanayolika kwa sukari. Raya aliyala yote, akaramba na kidole.

Kisha akaruka. "Nakwenda kuokota asumini!"

"Rudi hapa," alisema Shangazi. "Za asubuhi zimechoka. Usiku kucha zimekuwa zikinukia. Harufu yao yote wameila popo."

"Sasa tufanyeje?"

"Tungoje jioni. Nayo mafuta yapoe."

Kungoja ni kazi. Raya alingoja akiwa amekaa. Akangoja akiwa amesimama. Akangoja akiwa amelala chali, akitazama mawingu yakipita taratibu juu ya mikarafuu.

Jua likashuka. Kivuli cha mti kikawa kirefu.

Shangazi alimwonesha Raya vitumba vya asumini, maua ambayo hayajachanua. Vilikuwa vimefumba, vyembamba, kama macho ya mtoto aliyelala.

Vidole vya Shangazi vilikuwa vinene. Vya Raya vilikuwa vidogo. Raya ndiye aliyechuma.

Tuk. Tuk. Tuk.

"Nivioshe?"

"Usivioshe! Maji na mafuta hawakai nyumba moja. Wataharibiana."

Raya akavitia vitumba ndani ya chupa, kimoja kimoja. Shangazi akamimina mafuta yaliyopoa, akafunika kwa kitambaa cheupe.

"Sasa vitachanua humo humo," alisema kwa sauti ya chini. "Mafuta yatakunywa harufu yao, taratibu."

"Nataka kuona."

"Hutaona. Asumini ina haya. Ukiitazama haichanui. Wewe nenda kalale."

Usiku ule Raya alijilaza kitandani. Nywele zake hazikunukia kitu.

Lakini alifumba macho, ili asumini zisione haya.

Akawaza ile chupa gizani. Kitumba kimoja kinafumbuka, taratibu. Kingine kinafumbuka. Vinyota vyeupe vinaelea ndani ya mafuta, vinazunguka, vinazunguka.

Na Raya naye akaelea. Mafuta yalikuwa bahari ya vuguvugu, na asumini moja ilikuwa kitanda chake.

Usingizi, uliokuwa umesimama mlangoni, ukavua viatu ukaingia.

Asubuhi Raya alikimbia kwa Shangazi. Akanusa chupa.

Kulikuwa na harufu. Ndogo sana, kama mtu anayeita kutoka mbali.

"Shangazi, ni kidogo!"

"Ndiyo imeanza. Tutatoa maua ya jana, tutie ya leo."

Wakatoa maua ya jana. Jioni Raya akachuma mapya. Tuk, tuk, tuk. Na jioni iliyofuata. Na nyingine tena.

Mwezi ukawa kama kipande cha tikiti.

Mwezi ukawa kama nusu ya chapati.

Harufu nayo ikakua. Mtu yule wa mbali akawa anakuja, anakuja, mpaka siku moja Raya alifungua chupa, na alikuwa hapo hapo.

Jioni ile mwezi ulipanda juu ya mikarafuu. Ulikuwa duara.

"Hodi!"

Raya alimjua mwenye sauti. Alikimbia, akaruka, akazika uso kwenye kanga ya Mama.

Akanusa. Kisha akarudi nyuma.

"Mama! Hunukii Mama!"

Mama akacheka. "Nanukia nini?"

Raya akanusa tena. "Maziwa. Na uji. Na... mtoto."

"Ndiye mtoto. Kila siku amelala kifuani kwangu."

Raya akamtazama. Chini ya macho ya Mama palikuwa peusi kidogo. Nywele zake zilikuwa zimefungwa haraka haraka, na zimesokotana.

Ilikuwa ni Mama, hata bila asumini. Mama aliyechoka.

Raya akamshika mkono, akampeleka mkekani.

"Kaa hapa, Mama."

"Mimi?"

"Wewe."

Raya akaleta ile chupa ya kwa Shangazi. Akaifungua. Harufu ikatoka, ikajaza chumba kizima.

"Nani kapika haya?" aliuliza Mama.

"Mimi. Na Shangazi. Na asumini."

"Na mimi niliosha kichwa chenye dagaa," alisema Baba kutoka kwenye kofia zake.

"Dagaa?"

"Nitakuhadithia kesho," alisema Raya upesi.

Akachukua chanuo.

"Aii! Raya, unavuta!"

"Samahani, Mama. Nywele zako zina njia nyingi."

Baba akacheka mpaka sindano ikamponyoka.

Raya akatia mafuta viganjani. Akapaka mbele. Akapaka nyuma. Akaimba kwa sauti ndogo:

"Tone, tone, polepole.
Nywele zilale, Mama alale."

Mama alikuwa akimsimulia habari za mtoto. "Ana vidole vidogo, Raya, vidogo kama vitumba. Na akipiga chafya, anashtuka mwenyewe. Na akilia, basi mtaa mzima..."

"Tone, tone, polepole."

"...mtaa mzima unajua. Na juzi..."

"Nywele zilale."

"...juzi ali..."

"Mama alale."

Kimya.

Kichwa cha Mama kilikuwa kimeegemea bega la Raya. Pumzi yake ilikuja na kwenda, ikaja na kwenda.

"Raya," alinong'ona Baba, "vipi huko?"

Raya akaweka kidole mdomoni.

"Amenyamaza," alinong'ona. "Tayari."

Baba akawaletea mto, akawafunika kwa kanga, wote wawili.

Raya akanusa nywele za Mama. Asumini, na maziwa kidogo, na uji kidogo.

Akafumba macho.

Na huko nje uani, pasipo mtu wa kuzitazama, asumini zikachanua.