Niliingia Maji ya Moto Nikiwa Mke

Nilikuwa uchi. Maji ya moto yamenifika kifuani, mkono nimeshaunyoosha kupokea kitenge kipya kutoka kwa mume wangu…

Akanipita.

Akamfunga Aurélie.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Aurélie, yuleyule aliyekuwa amembeba mtoto wangu!

Wapendwa, naitwa Josiane. Kwetu ni Lushebere, kule Masisi, milima na baridi na maharagwe. Nikaolewa Mpofi, Walikale, kwenye joto na msitu, na mwanaume anaitwa Thierry. Anauza mafuta ya mawese, mpole, sauti yake haishtui hata kuku.

Mbuzi wa mahari walifika kwetu, pasta akatuombea. Habari ya kwenda état civil, kuandikisha ndoa serikalini, ikawa kesho… kesho… kesho.

Aurélie aliishi nyumba ya pili. Niliambiwa ni mtu wa familia, basi. Nilipopata mimba alinifulia, akanitwangia sombe, yale majani ya muhogo, akawa anashika tumbo langu na kucheka peke yake. Nikasema, huyu dada ana roho nzuri jamani.

Mjinga mimi.

Nikazaa mvulana, tukamwita Noël.

Sasa sikilizeni desturi ya ukoo wa mume wangu. Mwanamke akizaa mtoto wa kwanza na nguvu zikamrudia, wanampeleka kwenye maji ya moto, ndani ya msitu wa parc, hifadhi ya serikali. Anaingia na kitenge chake cha zamani, anakiachia kiende na maji, na shida zote za uzazi zinaenda nacho. Mume anasimama juu ya jiwe na kitenge kipya, anamfunga, na mke anarudi nyumbani akiwa mwenye nyumba kamili.

Hayo niliambiwa. Yaliyobaki hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Kwetu mkamwana anayeuliza sana anasemwa hana adabu.

Tulienda na pikipiki mpaka njia ilipoishia. Garde, mlinzi wa parc, anamjua mama mkwe wangu, Mama Euphrasie, akatuachia tupite. Tukatembea kwenye matope na mizizi mpaka harufu ya mayai yaliyooza ikatupiga puani, tukaona moshi unapanda katikati ya miti.

Wanawake wa ukoo walikuja nyuma yetu na kikapu cha ndizi mbichi. Wanazizamisha pale maji yanapochemka, zinaiva bila kuni. Nilikuwa na furaha hiyo siku, siwezi kuwadanganya.

Mimi niliingia chini kidogo, pale wamepanga mawe ili maji ya moto yakutane na ya mto, usiungue. Mama Euphrasie mwenyewe alinisugua mgongo. Akaniambia niachie kitenge, nikakiachia. Kikaondoka.

Ndipo Thierry akanipita.

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuna mwingine aliyecheka. Mwanamke mmoja alikuwa anageuza ndizi zake kama hajaona kitu.

"Thierry, mi niko huku."

Akaangalia viatu vyake.

"Josiane, usikasirike. Aurélie njo muke yangu tangu zamani. Docteur alimutoa kizazi. Mama alitaka mutoto."

Mmesikia? Mimi nilikuwa tumbo la kuazima!

Aurélie hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anamtikisa Noël, na Noël alikuwa analia kwa njaa. Maziwa yangu yakaanza kutoka yenyewe, yakaingia kwenye maji. Mtoto wangu analia hatua chache tu kutoka kwangu na mimi siwezi kutoka, sina hata jani la kujifunika. Niliona aibu, wapendwa, aibu ambayo sitaki adui yangu aione.

Mama Euphrasie akasimama.

Akafungua kitenge chake cha juu, akaingia majini na viatu vyake, akanifunika mabega mpaka magotini.

"Usilie, mutoto wangu. Mi sitakuacha uchi."

Nikamwangukia kifuani. Nikalia kama mtoto kweli. Kwetu Masisi, mkubwa akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili, unapiga goti, unashukuru. Nikafanya hivyo mbele ya wote, maji yakanifika shingoni.

"Asante, mama yangu."

Wanawake wakapiga vigelegele.

Na mimi nikadhani wako upande wangu!

Njia nzima nilimshika mama mkwe mkono. Nilijua tukifika tu atamnyoosha mwanawe, Aurélie atafukuzwa, yaishe. Tulipofika pale pikipiki zinatusubiri nikamuuliza atamwambia nini Thierry.

Akanishangaa.

"Thierry iko kaka yako sasa. Nilikufunika, ukashukuru mbele ya batu bote. Ndugu haiolewake na ndugu."

"Na mutoto wangu, mama?"

"Ni mutoto wa kaka yako. Weye uko shangazi yake."

Baadaye kabisa ndipo mwanamke mmoja wa ukoo alininong'oneza. Ningetoka majini uchi vilevile, nikamchukua mtoto nikaondoka, aibu ingekuwa yao na hakuna ambaye angethubutu kuninyang'anya Noël. Njia ya kutoka ilikuwepo. Ile huruma ndiyo iliyoifunga.

Nilienda kwa pasta. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kweli nilisema asante. Nikasema ndiyo. Akaniambia nimwombe Mungu.

Mtasema, si ungerudi kwenu? Kwetu wazazi wangu wako kwenye kambi ya waliokimbia vita, chini ya turubai. Hata hivyo ningeenda, ningelala popote. Lakini ningeenda peke yangu, Noël angebaki.

Basi nikabaki. Nikahamishiwa kwenye chumba kando ya jiko, Aurélie akalala kwenye kitanda changu. Mtoto akilia niliitwa, akishiba alichukuliwa.

Siku moja nilisahau, nikamwambia Noël, "Njoo kwa mama." Mama Euphrasie alisikia. Jioni hiyo sikupewa mtoto. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na mimi nikakaa kando ya ukuta nikijikamua maziwa chini kwenye udongo.

Asubuhi mama mkwe akaja mlangoni, wala hakuwa na hasira.

"Uko shangazi. Mufundishe."

Miezi ikapita. Noël akaota meno, akatembea.

Wiki iliyopita wageni walifika kutoka Kirolirwe. Mzee mmoja anaitwa Habineza, mfugaji, mke wake amefariki. Nilipika, nikapeleka chakula, nikashangaa kuambiwa nikae.

Walikuja kunichumbia mimi!

Thierry alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa, kaka wa msichana, anaeleza jinsi nilivyo mchapakazi. Mwanaume aliyelala na mimi, aliyenizalisha, anapanga ng'ombe wa mahari yangu na mgeni, na ng'ombe wanaingia kwa Mama Euphrasie maana mimi ni binti yake. Mbuzi waliowatoa kwetu wanarudi na faida.

Katikati ya mazungumzo Noël akatoka nyumbani mbio. Akampita Aurélie, akaja kuning'ang'ania magotini.

Habineza si mjinga. Alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akaona uso uleule mara mbili.

"Huyu mutoto iko wa nani?"

Thierry akakohoa. Nikajua nafasi yangu ndiyo hii, nikafungua mdomo…

Lakini mzee alishainama kwa mtoto.

"Mutoto, huyu njo nani yako?"

Noël akatabasamu, akafurahi kwamba jibu analijua.

"Sangazi!"

Watu wakacheka, utamu wa mtoto. Habineza akacheka pia, akarudi kwenye kiti chake, akatosheka. Mdomo wangu nikaufunga.

Kwa sababu neno hilo hakufundishwa na Aurélie, wala na bibi yake. Nilimfundisha mimi. Kila jioni akiwa kwenye titi langu, polepole, mpaka alishike, ili kesho yake wanipe tena.

Dada zangu mnaoolewa mbali na kwenu, msiogope kuonekana hamna adabu. Ulizeni. Mtu akikufunika, muulize kwanza anakufunika wewe kama nani wake, ndipo useme asante. Mimi sikuuliza, na ng'ombe wa Habineza wanafika Jumamosi.