Safu Isiyopewa Dawa

Jua lilikuwa linazama Bi Hakika aliporudi maabara kutazama sahani yake ya mwisho. Jina hilo alibandikwa na wenzake, kwa kuwa alizoea kupima kila kitu mara mbili na bado usingizi ukamkataa. Jioni hiyo hakuwa na hamu ya utani. Profesa alikwishamwambia: jaribio likiharibika tena, mizizi ya dawa aliyoletewa na shangazi yake itatupwa, na yeye atafute utafiti mwingine.

Kilichomuudhi ni kwamba mizizi ilifanya kazi. Seli alizozitia virusi vya homa, kisha dawa, zilipona. Lakini safu ya chini ya sahani, yenye virusi na maji matupu badala ya dawa, iliyopaswa kufa ili kuwe na cha kulinganisha, nayo ilipona. Kila mara. Alibadilisha mirija, akafua koti, akagombana na kila aliyegusa kitasa cha mlango. Wapi. Kutwanga maji kwenye kinu.

Akafungua kwa ufunguo wake.

Harufu ya mizizi mibichi... Ilhali yake ilikwishakaushwa na kusagwa.

Tik.

Tik.

Bibi mmoja alikuwa ameiinamia sahani, akidondosha kitu kwa ncha ya kidole. Kwenye safu ya chini. Kidole hakikuwa na glavu, wala ukucha.

“Umeingiaje, bibi?” aliuliza Bi Hakika.

“Hawa nao wagonjwa, mjukuu wangu,” akanong'ona yule bibi bila kugeuka. “Mbona umewapa maji matupu?”

Hofu ilipaswa kumshika. Hasira ikawahi. Akaeleza, machozi yakimlengalenga, kwamba asipokuwepo wa kukosa, huwezi kujua dawa imemponya nani. Kazi ndivyo ilivyo.

“Kwa hiyo lazima mmoja akose.”

“Lazima.”

“Nani?”

“Yeyote, bibi. Niachie tu safu yangu.”

Kicheko chembamba... kama majani makavu yakikanyagwa.

“Haya. Umesema wewe.”

Bi Hakika akageuka kumfungulia mlango. Alipotazama tena, palikuwa na kiti kitupu, na sakafu yenye unyevu.

Kesho yake safu ya chini ilikuwa imekufa yote. Profesa alihesabu, akarudia kuhesabu, akampa mkono.

Wiki haijaisha, homa ileile ikaingia nyumbani kwao. Shangazi akachemsha mizizi katika sufuria moja, akawagawia wote. Waliikunjia uso, wakailaani kwa uchungu wake, wakatoka jasho, wakaamka wakidai chakula. Bi Hakika alikunywa kikombe baada ya kikombe, na mwili ukazidi kuwaka.

“Shangazi,” alinong'ona, “hii mbona haina uchungu?”

Shangazi alimwambia ni homa tu imemharibu ulimi. Akakichukua kikombe kilekile, akaonja, akakunja uso hadi akafumba macho. Akamrudishia.

Bi Hakika akanywa tena, polepole, akiizungusha dawa mdomoni kama mtu anayepima.

Maji.