Masale Si Hati

Kila mwezi Honorata na mumewe Hezroni walishuka kutoka Mamba Miamba, juu milimani, hadi Same mjini. Hezroni alikuwa na kisukari, na kliniki yake ilikuwa huku chini. Njia ni kona juu ya kona. Mguu wake wa kulia ulikuwa na kidonda kilichokataa kupona.

"Mke wangu," alisema siku moja, "mlima huu utanimaliza kabla ya ugonjwa."

Honorata aliendelea kuosha tangawizi yake. Moyoni alikuwa ameshaamua. Watanunua kiwanja Same na kujenga vyumba viwili karibu na hospitali. Pesa ilikuwepo, ya tangawizi ya misimu mitatu na ya ng'ombe wawili. Ikipotea hiyo, basi tena, Hezroni ataendelea kupanda na kushuka mpaka mguu umshinde.

Dalali walimpata upesi mno. Aliitwa Fredrick, kijana nadhifu, mdomo asali. Alipojua wametoka milimani, aliacha Kiswahili akaongea nao Chasu, lugha yao ya Kipare. Honorata akalainika hapo hapo.

"Wewe wa kwa nani, mwanangu?" alimuuliza.

"Babu yangu ni wa Mbaga, huko huko milimani, mama. Sisi ni ndugu. Siwezi kuwauzia kitu kibaya."

Fredrick aliwapeleka kwenye kiwanja kizuri, tambarare, karibu na barabara. Honorata hakuangalia barabara. Aliangalia pembe nne za kiwanja. Kila pembe ilikuwa na masale.

Asiyeyajua masale nimweleze. Ni mmea wenye majani marefu ya kijani. Kule milimani wazee huupanda mpakani, na hakuna mwenye akili zake anayeung'oa. Ugomvi wa shamba huishia penye masale. Honorata alikua akiyaheshimu hivyo, na alipoyaona pale chini, roho yake ilitulia.

"Mume wangu, hapa pana wenyewe," alisema. "Mipaka imewekwa kiungwana."

"Leteni pesa ya kushikilia kesho asubuhi," alisema Fredrick. "Kuna mtu wa Moshi anakitaka sana. Nawapendelea ninyi kwa sababu ni wa nyumbani."

Mchana huo walipumzika kwa Salha, mama anayenunua tangawizi ya Honorata pale sokoni. Salha amezaliwa Same, na biashara ameirithi kwa baba yake. Honorata alimsimulia habari yote, na masale akayataja mara mbili.

Salha aliweka kikombe chini. "Masale? Huku kwetu? Dada, huku hata mchicha tunaubembeleza kwa ndoo. Nani anayamwagilia hayo masale?"

Honorata alikumbuka kwamba udongo kwenye mashina ulikuwa bado mbichi, kana kwamba yamepandwa jana.

"Na huyo dalali, leseni yake mmeiona?"

"Ni mtoto wa nyumbani," alisema Hezroni.

Salha alicheka mpaka akafuta macho. "Mpare anatoa pesa bila karatasi! Haya, leo nimeona jipya. Shemeji, watu wetu huuza ng'ombe ili waendeshe kesi ya mbuzi, na wewe unataka kutoa pesa ya ng'ombe wawili kwa salamu tu?"

Hezroni alicheka kidogo, kwa aibu. Honorata hakucheka.

Salha aliwapeleka ofisi ya ardhi ya halmashauri. Walipokelewa na afisa ardhi, dada mpole aitwaye Blandina. Aliwaamkia, akawapa viti, akawauliza kiwanja kiko wapi na anakiuza nani. Kisha alitandaza ramani ya mji mezani.

"Hapa mama, siyo?" Aliweka kidole. "Eneo hili limetengwa kujengwa shule. Haliuzwi na mtu yeyote."

Honorata alishika ukingo wa meza. "Lakini masale yapo," alisema, sauti ikiwa chini.

"Mama, masale ni heshima kwa mipaka ya wazee kule milimani. Hapa mjini mpaka unaonyeshwa na mawe ya upimaji, na mwenye kiwanja anaonyeshwa na kumbukumbu za ofisi. Huyo kijana amejua mnachokiheshimu, ndicho alichowategea."

"Kwa hiyo madalali wote ni matapeli?" aliuliza Hezroni.

"Hapana, baba. Wako wengi waaminifu. Serikali haimkatazi mtu kuwa dalali. Inataka ajulikane. Dalali halali ana leseni ya biashara yenye jina lake na tarehe ya mwisho. Mwombe akuonyeshe, halafu uje umuulize afisa biashara, yupo chumba cha pili hapo. Akikudhulumu, tunajua pa kumpata."

"Na bei? Nitajuaje kama nimepunjwa?"

"Yupo mthamini. Huyo amesomea, na amesajiliwa na bodi ya wathamini. Asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Akiharibu kazi, bodi inaweza kumfuta. Mpima ardhi naye ana usajili wake. Na kabla hujatoa hata shilingi, omba upekuzi. Maana yake, tunaangalia kwenye kumbukumbu mwenye kiwanja ni nani, na kama kina deni au kesi. Malipo ya serikali hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo unayolipia benki au kwa simu, hayatiwi mkononi mwa mtu."

Honorata alimpigia Fredrick simu palepale. Alimwomba aje na leseni yake.

"Leseni ipo, mama, ila nimeiacha nyumbani. Kwani huniamini?"

"Nakuamini, mwanangu. Ilete tu hapa ofisi ya ardhi."

Simu ilikatika. Walipopiga tena, ilikuwa imezimwa. Blandina aliiandika namba ile ili aipeleke kwa afisa biashara na polisi.

Wiki mbili baadaye walipata dalali mwingine, Salehe, mwenye ofisi ndogo karibu na stendi. Leseni yake ilikuwa ukutani. Hakuongea Chasu na hakuwaita ndugu. Aliwaandikia mkataba, akawaambia, "Msinilipe mpaka upekuzi urudi." Upekuzi ulirudi safi. Muuzaji na mkewe walikuja wote wawili kusaini, mbele ya wakili.

Ilipofika zamu ya kujaza fomu ya hati, Blandina aliuliza, "Jina la mmiliki?"

Honorata alimtazama mumewe. Ndivyo alivyozoea. Shamba la milimani lilikuwa la ukoo wa Hezroni, na alilolilima kabla ya kuolewa lilikuwa la baba yake.

"Andika majina mawili," alisema Hezroni. "Anza na la Honorata. Mimi ningekuwa nimeshamlipa Fredrick siku ile."

Miezi mingi ilipita. Vyumba viwili vilisimama, vikaezekwa bati. Siku hati ilipotoka walikwenda kuichukua pamoja. Honorata aliweka kidole kwenye karatasi, akasoma polepole, herufi kwa herufi, mpaka akafika kwenye jina lake. Alikuwa amelima miaka thelathini na minane, na hakuwahi kuliona jina hilo likikaa pamoja na ardhi yoyote. Alilia, wala hakujificha.

Hezroni alimngoja amalize. Kisha akachukua fimbo yake.

"Haya, mwenye nyumba," alisema. "Tutembee twende kwako. Ni dakika kumi tu."