Hatua Ndani ya Trela la Lorraine

Haya yalimpata rafiki yangu Ardis, mwanamke asiyejua kutia chumvi. Kila kipupwe yeye na mumewe Merle huikimbia theluji ya Dakota, kaskazini mwa Marekani, wakaja kuegesha trela lao, nyumba yao ya magurudumu, hapa kambini Texas, jirani na Orville na mkewe Lorraine.

Jioni ile umeme ulikuwa umekatika kambi nzima. Ardis alikwenda kumrudishia Lorraine bakuli lake, kalijaza biskuti, maana hapa kwetu bakuli halirudi tupu. Akagonga polepole. Trela likayumba kidogo, kama yanavyoyumba yote mtu akitembea ndani. Hatua nzito zikatoka kitandani, zikaja hadi mlangoni, zikasimama.

"Fungua basi, shoga yangu, mikono imejaa!"

Alisikia pumzi tu, nyuma ya mlango.

"Unamgombeza nani, Ardis?" Orville aliuliza, akishuka kwenye kigari chake cha kuzungukia kambi. Lorraine na Merle walikuwa naye, wote wametoka ukumbini kucheza karata.

Ardis alinyoosha kidole mlangoni. Orville akafungua kwa ufunguo, akamulika tochi kila pembe. Hapakuwa na mtu.

"Uzee huo, dada. Kesho utaiamkia friji shikamoo!" Orville alitania, Merle akacheka.

Merle akamshika mkewe mkono, wakarudi kwao wakipapasa gizani, Merle bado anacheka. Kicheko kikamkatika ghafla. Trela lao lilikuwa likiyumba. Hatua nzito zikatoka kitandani, zikaja hadi mlangoni, zikasimama. Kisha mlango ukagongwa kwa ndani, polepole, vilevile Ardis alivyougonga wa Lorraine.